Masikio ya Chuma

Jumatatu, 10 Machi

Filister, nesi wetu, ameninunulia daftari hili. Anasema mdomo wangu unafukuza wagonjwa, kwa hivyo hasira zangu niwe nazimwaga humu jioni badala ya kuwamwagia wanaosubiri picha. Nimemwambia wagonjwa wa Kawangware hawafukuziki kwa mdomo. Lakini daftari nimelichukua, na kalamu pia.

Basi tuanze. Mimi ni Immaculate Nalianya, mpiga picha za eksirei katika kliniki moja hapa Nairobi, mtaa wa Kawangware, kituo cha matatu cha 46. Mashine ni moja, mpiga picha ni mmoja, stima ni ya kubahatisha. Mvua ya masika imeanza leo mchana, na kila mwaka ikianza kazi yangu huongezeka. Watu wanateleza mitaroni. Wengine wanapanda juu ya mabati kuziba matundu, wanashuka bila ngazi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nilienda Kibera kumwona ndugu yangu Khamala akipigiwa makofi. Khamala ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kawangware 56, mageti na madirisha, na hakuna mtu anayempigia makofi fundi wa mageti.

Kuna kikundi cha vijana wa Kibera kinachoitwa Okoa. Mtu akianguka au akigongwa, wao ndio hufika kwanza, maana gari la wagonjwa haliwezi kupenya vichochoro vile. Zamani waling'oa mlango wa jirani wakamlaza majeruhi juu yake. Halafu akaja mkufunzi akawafunza wikendi nzima: aliyeumia shingo afungwe juu ya ubao ulionyooka, avishwe kola ya kushikilia shingo, kichwa kisigeuke hata kidogo. Wakatengeneza mbao tatu. Shida ikawa mbao zinapotea. Ukimfikisha mgonjwa hospitalini ubao hubaki naye, na ukirudi kesho hakuna anayeujua. Mmoja ulipatikana sokoni umepangwa viatu vya mitumba. Walipoandika jina kwa rangi, wezi wakapiga msasa.

Sasa Khamala amewakomesha. Kila ubao mpya ameuwekea vipande viwili vya chuma vilivyosimama, kimoja kila upande wa kichwa, kutoka utosini hadi begani. Kwa ndani kuna sponji ya godoro ili kichwa kitulie. Na katika kila chuma amekata herufi nne nene, zimetoboka hadi upande wa pili: OKOA. Boliti amezichomelea zisifunguke. Anayetaka kuiba aibe na jina. Vijana wameshaviita masikio.

Oyoo, kiongozi wao, mtu wa filimbi na koti la kung'aa, alihutubu kama anayegombea kiti. Nilimwona ni kelele tupu. Lakini nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, nikanywa soda mbili. Mama angekuwa hai angelia.

Alhamisi, 20 Machi

Stima ilipotea asubuhi, ikarudi, ikapotea. Nimekaa bure siku nzima nikisikiliza mvua na kwaya ya jirani.

Jumatatu, 24 Machi

Ubao wa Khamala umefika kliniki kwa mara ya kwanza, ukiwa na mama mmoja aliyeteleza kwenye daraja la mbao. Oyoo na wenzake walimleta kwa pikapu, amefungwa kama kifurushi cha posta. Nikampiga picha ya shingo.

Niliandike hili ili nilielewe mwenyewe. Picha ya shingo inayosema ukweli hupigwa kutoka ubavuni, mgonjwa akiwa amelala chali vile vile alivyoletwa. Mwale hupita kwenye nyama, hupunguzwa na mfupa, hufia kwenye chuma. Na pale ubavuni mwa shingo ndipo masikio yalipo. Ilipotokea kwenye skrini nilicheka kwa sauti. Badala ya pingili za shingo niliona ukuta mweupe wenye maandishi. Herufi za kushoto hazilingani na za kulia, kwa hivyo tundu la sikio moja huzibwa na chuma cha sikio la pili, isipokuwa kwenye O ya pili. Katika kijiduara kile niliona pingili ya nne na kipande cha ya tano. Hizo nyingine Mungu ndiye anazijua.

Daktari Mukhwana alicheka pia. Ni kijana mpole anayeimba nyimbo za kanisa akishona vidonda, na kila asubuhi hutuletea mandazi. Akamwambia Oyoo amtoe mama ubaoni ili picha irudiwe. Oyoo akakataa. Walifunzwa kwamba mtu hatolewi ubaoni mpaka picha iseme shingo ni nzima. Nikamwambia picha haiwezi kusema lolote mpaka atolewe ubaoni. Akarudia ya kwake, nami nikarudia ya kwangu, tukawa tunazunguka kama ng'ombe wa kupura mtama. Mwishowe mama mwenyewe alisema shingo yake haina neno, ni kifundo cha mguu, na kwamba anahitaji choo.

Jumanne, 25 Machi

Nimepita kwa Khamala kumweleza. Nilijaribu kusema polepole. Nilimwambia chuma kinaziba shingo, aondoe masikio aweke ya mbao au ya sponji ngumu. Hakuacha kazi aliyokuwa nayo. Akaniambia ya mbao yatavunjika, ya sponji yatalowa matope, na jina litaandikwa wapi? Tangu aweke chuma hakuna ubao hata mmoja uliopotea. "Sista, wewe unajua picha. Mimi najua wezi," akasema.

Nilimjibu vibaya, nikaondoka. Alinipigia simu jioni akasema atayabadilisha baada ya Pasaka, akimaliza geti la mteja mmoja wa mtaa wa Ayany.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimepiga kelele mpaka Filister akafunga mlango. Wameleta kijana aliyegongwa na pikipiki. Amekaa ubaoni tangu asubuhi hadi alasiri, tukibishana kile kile: Oyoo na kanuni yake, mimi na picha yangu, Daktari Mukhwana katikati akimtazama huyu na yule. Daktari anaogopa. Ameniambia huko alikofanya kazi zamani mwenzake aliamuru mgonjwa ahamishwe, mgonjwa akapooza, na mpaka leo mwenzake ana kesi. Kwa hivyo hasemi ndiyo na hasemi hapana.

Kijana alipotolewa hatimaye, mgongo ulikuwa na alama nyekundu za ubao, ngozi imeanza kuchubuka. Picha ya pili ilitoka safi kabisa, pingili zote saba zimepangika vizuri. Nilimwonyesha Oyoo. Alisema sawa, huyu amebahatika, lakini siku mtu atakatika shingo mikononi mwangu nisimwite yeye. Akabeba ubao wake akaenda.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani Khamala alikaa safu ya mbele. Mchungaji alimtaja kwa jina, akasema hiki ndicho kipaji kinachotumika kwa jirani. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Sikumkumbusha habari ya masikio. Ingekuwa kama kumvua nguo mbele za watu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku, chapati, mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nitaandika yote, maana sina mtu wa kumwambia.

Walimleta saa za mchana, mvua ikinyesha kama imetumwa. Mutinda, fundi wa paa, mtu wa Kitui anayeishi Kibera upande wa Ayany. Alikuwa anapigilia mabati nyumbani kwake, maana maji yalikuwa yanaingia kitandani kwa mtoto. Akateleza, akaangukia kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Mkewe, Kalekye, alikuja naye nyuma ya pikapu, ameshika mwavuli juu ya uso wa mumewe njia nzima. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

Mutinda alikuwa anaongea. Alitaja jina lake na la mtoto, Mwende. Daktari akamwambia asogeze vidole, akasogeza, vya mikono na vya miguu. Akalalamika shingo chini, karibu na mabega, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinawasha kama amekalia mkono. Nikapiga picha. Ukuta mweupe, OKOA, na kijiduara kimoja kinachoonyesha pingili ya nne, nzima, imekaa vizuri kama kikombe kabatini. Pale panapomuuma, chini kabisa, palikuwa na mguu wa sikio na boliti zilizochomelewa.

Nikamwambia Daktari Mukhwana sijaziona pingili za chini. Nilisema hivyo, nakumbuka. Akamgeukia Oyoo. Oyoo akasimama na kanuni yake. Daktari akasema tusubiri kidogo, labda tutapata watu wa kutosha wa kumhamisha. Tukasubiri. Mutinda akaanza kulalamikia mgongo kuliko shingo. Halafu stima ikapotea mtaa mzima.

Hapo ndipo nafsi yangu inaponisuta. Siku nyingine ningepiga kelele. Kelele ninazo, kila mtu anajua. Ningesema huyu mtu asiondoke, mtoeni juu ya hiki chuma, mpelekeni penye stima. Lakini ili niseme hivyo ilibidi niseme ni chuma cha nani. Oyoo na vijana wake walikuwa wamesimama pale, na wote wanajua mimi ni dada yake Khamala. Nikaona haya. Nikanyamaza, nikaanza kupanguza mashine ambayo haikuwa na vumbi.

Giza likiingia Kalekye alianza kuulizia mtoto aliyeachwa kwa jirani, paa likiwa wazi. Mutinda naye akasema yuko sawa, wamfungue. Daktari alitazama ile picha kwenye simu yake, alikuwa ameipiga kabla stima haijakatika. Akasema, "Inayoonekana ni nzima." Akampapasa shingo, akafungua kola, akamwambia ageuze kichwa taratibu. Mutinda akageuza kidogo, akakunja uso, akasema ni maumivu ya kawaida ya kuanguka. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa arudi kesho stima ikirudi tumpige picha nyingine. Oyoo alishangaa kuona kola imetolewa, lakini daktari ameshasema picha ni nzima, na kanuni yake inataka hicho tu.

Mutinda aliondoka kwa miguu yake. Kalekye alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru.

Alhamisi, 24 Aprili

Stima imerudi. Hakuja.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuja. Nilimuuliza Daktari Mukhwana kama tumtafute. Akasema mtu akikaa kimya amepona. Sina namba yake. Ningeweza kumuuliza Oyoo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilimpigia Oyoo asubuhi. Kabla sijasema kitu akaniambia yuko njiani na Mutinda kuelekea hospitali kubwa. Ameanguka nyumbani, miguu imekufa, mikono inakunja kiwiko lakini haishiki kitu. Sauti ya Oyoo haikuwa na filimbi ndani yake. Nikavua koti la kazi nikaenda.

Niliwakuta mlangoni. Mutinda alikuwa juu ya ubao ule ule, macho wazi, anatazama dari. Aliponiona alijaribu kutabasamu. Mpiga picha wa pale, mwanamume mfupi mwenye haraka, aliyatazama masikio mara moja tu, akasema hicho hakiingii kwenye mashine yake, kitamwagia picha yote miale. Oyoo akafungua kinywa. Yule mtu hakumngoja. Akaita watu, wakawa sita, mmoja akashika kichwa, akahesabu hadi tatu, wakamviringisha Mutinda kama gogo moja, ubao ukavutwa, akawa juu ya godoro jembamba. Ilichukua muda wa kunywa glasi ya maji. Oyoo alibaki ameshika ubao mtupu. Hakunitazama nami sikumtazama.

Skani ilionyesha pingili ya sita imeteleza mbele ya ya saba. Kuna mfupa uliovunjika wenye kingo ambazo si za leo. Umevunjika tangu Jumatano. Ulikuwa umeshikilia kwa shida, halafu ukaachia.



Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilienda moja kwa moja Kawangware 56, nikamkuta Khamala amekaa kwenye karakana iliyofungwa. Oyoo alikuwa ameshampigia. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, na ya Pasaka, na ya geti la Ayany. Nilipomwona amekaa juu ya mtungi wa gesi, mikono katikati ya magoti, maneno yaliisha.

Aliniuliza kitu kimoja. Kama masikio yasingekuwepo, ningeuona ule mfupa?

Nilitaka kumdanganya. Pingili ya saba ni ngumu, mabega huificha hata bila chuma, unavuta mikono ya mgonjwa chini na bado wakati mwingine huioni. Nilimweleza hayo yote, na yote ni kweli. Halafu nikasema ningeiona ya sita.

Akainuka, akachukua msumeno wa chuma, akaenda Kibera kwa miguu kwenye mvua. Filister amesikia kwa vijana, ameniambia alikata masikio ya mbao zote tatu kwa mkono bila mashine, wao wamemzunguka.

Jumanne, 29 Aprili

Oyoo alikuja kliniki bila koti lake la kung'aa. Alisema wamebadilisha kanuni. Ubao ni wa kubebea tu. Wakifika kwa daktari, mgonjwa anaviringishwa anatolewa, kola inabaki, na wao wenyewe watasaidia kushika. Alitaka nimwonyeshe mahali pa kushika kichwa. Tulifanya mazoezi na Filister kwenye meza yangu, Filister akicheka kwa sababu anatekenywa. Oyoo hakucheka. Nilimwambia nilimwona mtu wa kelele. Akasema hata yeye aliniona hivyo.

Ijumaa, 2 Mei

Daktari Mukhwana ameniambia amekwenda kuwaona kina Mutinda, ameongea na Kalekye, naye Kalekye ameelewa, na si vizuri tuwajazie wodi. Tuwape nafasi. Nilimshukuru kutoka moyoni. Nilidhani huo ni ujasiri ambao mimi sina.

Jumatano, 7 Mei

Wamemfanyia upasuaji wa kumfunga shingo na vyuma. Miguu haijarudi. Oyoo anasema daktari wa pale hasemi itarudi.

Jumapili, 11 Mei

Khamala hali chakula vizuri. Geti la Ayany limekwama, mwenye nyumba anapiga simu na yeye hashiki. Mafuriko yamebeba vibanda kadhaa karibu na mto. Wameletwa majeruhi wawili, wote wametolewa ubaoni mlangoni kwangu kwa kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Picha safi. Sikufurahi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda. Nilijipa moyo wiki nzima, nikanunua machungwa, nikapanda matatu hadi hospitali kubwa.

Mutinda amekonda uso. Kalekye alikuwa anamlisha uji, amesimama mbali na kitanda, mkono umenyooshwa kabisa kama mtu anayemlisha mnyama anayeuma. Uji ulikuwa unamdondokea Mutinda kifuani. Nikamuuliza kwa nini asikae karibu. Akasema anaogopa kumgusa, asimwongeze.

Nilidhani ni woga wa kawaida. Nikamwambia, Mama Mwende, vyuma alivyowekewa vimeshika, mguse tu. Akatikisa kichwa. Mutinda akasema kwa sauti ndogo kwamba mkewe ana moyo mzito, anajilaumu, na yeye amemwambia yaishe lakini hayaishi. Nikauliza anajilaumu nini.

Kalekye aliweka bakuli chini. Alisema ile Jumamosi mfereji wa maji ulikuwa umefunguliwa asubuhi tu, na yeye alikuwa amembeba Mwende mgongoni, mtoto ana homa. Mutinda alikuwa amekaa. Akamwomba amsaidie kuinua mtungi mmoja wa lita ishirini, mmoja tu, kutoka mlangoni hadi ndani. Mutinda akainama, akauinua, akaanguka nao.

"Daktari wenu alikuja hapa akaniuliza alibeba nini," akasema. "Nikamwambia. Akaniambia basi ndio hiyo. Shingo ilikuwa sawa kwa picha, mtungi ndio ulivunja."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. Nilimwona Daktari Mukhwana na mandazi yake na nyimbo zake, amesimama mahali pale pale, anamkabidhi mwanamke huyu mzigo wake mwenyewe na kwenda zake. Nilimpenda yule kijana. Nilikuwa nikimwekea chai. Sijui kama alidanganya au aliamini, na sasa hivi sijali, vyote viwili ni sawa kwangu.

Nikamwambia. Sikumzungusha. Nilisema shingo ilivunjika alipoanguka kutoka paani. Nilisema picha yangu haikuonyesha kwa sababu kulikuwa na chuma kwenye ubao, na nilijua kilikuwepo, na nilijua sijaona, na nilisema mara moja nikanyamaza. Nilisema mfupa ule ungeachia kwa mtungi au kwa chafya au kwa kugeuka kitandani, na kwamba hakupaswa kabisa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilisema chuma kile kilitengenezwa na ndugu yangu.

Mutinda alifumba macho. Nilingoja Kalekye anipige, na ningekubali.

"Ndugu yako anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Alichukua bakuli la uji, akalitazama, akaliweka tena.

"Kila siku nikiingia hapa namwomba msamaha huyu. Kila siku ananiambia amenisamehe, na kila siku nikitoka naona hajanisamehe, anasema tu. Nyinyi mko huko mnajua." Hakupandisha sauti. "Mwambie huyo ndugu yako akuje aseme mwenyewe. Mimi nimechoka kuomba."

Halafu alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alisogea, akakaa kitandani ubavuni mwa mumewe, akaweka kiganja chake kizima kwenye shavu la Mutinda na kukiacha pale. Nikaacha machungwa, nikatoka.

Jioni nilimpigia Daktari Mukhwana. Nilimwambia nimewaeleza. Akaniuliza kama naelewa nimefanya nini kwa kliniki, kwake, na kwangu. Nilisema naelewa. Akakata simu. Jumatatu sijui kama nitakuwa na kazi.

Jumapili, 18 Mei

Khamala alivaa shati la kanisani. Njiani nilitaka kumwambia maneno ya kutumia, lakini huyu ni mtu mzima, na maneno yangu ndiyo haya yaliyotufikisha hapa.

Kalekye alikuwepo, amekaa pale pale kitandani, anamkata mumewe kucha. Aliinua macho, akajua ni nani, akarudi kwenye kucha. Khamala alisimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Alisema jina lake. Alisema yeye ndiye aliyetengeneza ule ubao, kwamba aliambiwa mapema kuwa una kasoro na akasema atafanya baada ya Pasaka. Alisema alipenda jina lionekane. Hakujitetea kwa wezi. Akamwomba msamaha, mara moja, kwa Kiswahili cha kunyooka, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Mutinda alimsikiliza mpaka mwisho. Hawezi kugeuza kichwa, kwa hivyo alisema akitazama dari.

"Huyu nilimsamehe kitu hakufanya, kwa sababu ni mke wangu," akasema. "Wewe sikujui."

Kucha ikakatwa, ikadondoka kwenye shuka. Khamala aliinamisha kichwa, akasema asante, sijui asante ya nini. Kengele ya wageni ikalia, tukatoka.

Tulipofika kituoni nilimwambia basi, amefanya alichoweza, amwache mtu apumzike. Akatikisa kichwa. Amesema kesho atarudi saa za wageni, na keshokutwa, ataketi tu, atamgeuza Mutinda kitandani asipate vidonda kama kuna wa kumsaidia kumgeuza, mpaka huyo mtu amjue.